Aende wapi? Kumwelewa Delia, mama wa "C'è ancora domani"

Filamu haijafikisha hata dakika mbili. Delia anaamka, anageuka upande wa mumewe na kumtakia asubuhi njema. Ivano anamzaba kofi. Hakutaja kosa, hakuuliza kitu, hata usingizi haujamtoka sawasawa. Delia anainuka, anaweka nywele vizuri, anaamsha watoto na kuanza siku, kama mtu aliyeambiwa tu kwamba nje kunanyesha.

Hii ni "C'è ancora domani", maana yake "Kesho bado ipo", filamu ya kwanza kuongozwa na Paola Cortellesi, mwigizaji na mchekeshaji mzaliwa wa Roma ambaye pia ndiye anayeigiza Delia. Ilianza kuonyeshwa kwenye kumbi za Italia mwezi Oktoba 2023. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, inahusu familia ya makabwela ya mwaka 1946, na katika filamu zote zilizotoka mwaka huo hakuna iliyoingiza fedha nyingi zaidi nchini humo. Hata "Barbie" iliachwa nyuma. Mapato yake ndani ya Italia peke yake yalipita euro milioni 35.

Swali la watazamaji wake wengi ni lile lile: mbona haondoki? Hata bintiye, Marcella, anamuuliza hivyo ana kwa ana, na jibu la mama ni fupi: aende wapi? Wengi hulichukua jibu hilo kama kilio cha mwanamke aliyekata tamaa. Mimi nadhani ni swali halisi linalostahili kujibiwa. Mwaka 1946, Roma, mwanamke mwenye watoto watatu, asiye na elimu ya maana, anayeishi kwa vibarua, alikuwa na pa kwenda? Filamu inajibu, ila majibu yake yametawanywa: kidogo kwenye fedha, kidogo kwa majirani, na mengi kwenye sheria ambazo hakuna mhusika anayezitaja. Itabidi nieleze mpaka mwisho wa hadithi, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu aitazame kwanza.

Sinema ya Italia ina mama zake wa kukumbukwa. Vita vilipoisha, sura ya mama huyo ilikuwa ya Anna Magnani. Katika "Roma città aperta" ya Roberto Rossellini, ya mwaka 1945, anaonekana akilikimbilia lori la Wajerumani linalomchukua mchumba wake, na risasi zinamwangusha barabarani. Mama wa namna hiyo anapiga kelele, anakimbia, anakufa mbele ya macho yetu, nasi tunalia. Cortellesi ameichukua Roma ile ile, rangi zile zile, majengo yale yale yenye uwanja katikati ambako kila dirisha lina macho, kisha akamweka humo mama asiyepiga kelele. Mama huyu anafanya hesabu.

Vibarua vya Delia

Familia inakaa Testaccio, mtaa wa wafanyakazi, kwenye nyumba iliyo nusu chini ya ardhi. Humo wamo Delia, Ivano, Marcella, wavulana wawili wadogo ambao kila neno lao la pili ni tusi, na baba mkwe Ottorino, mzee wa kitandani anayehudumiwa kama sultani. Huyo Ottorino ndiye mshauri wa mwanawe katika mambo ya ndoa. Ushauri wake ni kwamba asimpige mke kila mara, maana atazoea. Bora mara moja, lakini kisawasawa. Watu ukumbini hucheka, halafu wanajishtukia.

Mfuate Delia kwa siku moja tu uone. Anakwenda nyumba za wenye nazo kuchoma wagonjwa sindano. Anafua nguo za watu. Anashona nguo za ndani zilizofumuka na kuzipeleka dukani. Anatengeneza miavuli kwenye karakana. Katikati ya hayo kuna foleni, soko, jiko, na mzee wa kugeuzwa kitandani. Kwa macho ya nyumba yake, huyu ni mama wa nyumbani asiye na kazi.

Pale kwenye miavuli ndipo pana tukio ambalo kwangu linauma kuliko kofi la asubuhi. Analetewa kijana wa kumfundisha kazi, hajui hata pa kuanzia. Delia anagundua kwamba kijana huyo, siku ya kwanza tu, analipwa zaidi yake. Anamuuliza tajiri wake sababu, kwa adabu kabisa. Tajiri anamshangaa kwa swali lenyewe: si mwanaume huyo? Tukio zima halichukui hata dakika mbili, na Delia anarudi kwenye miavuli yake. Italia ilipata sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo kazini mwaka 1977, chini ya Tina Anselmi, mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini humo. Kwa hiyo tajiri yule wa miavuli alikuwa na miaka 31 ya kuendelea kushangaa bila kusumbuliwa na sheria hiyo.

Jioni Delia anamkabidhi Ivano alichopata. Hapa panahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba sheria ilimlazimisha. Haikumlazimisha. Tangu mwaka 1919 mke wa Italia hakuhitaji tena ruhusa ya mumewe ili kusimamia mali yake mwenyewe. Sharti hilo lilifutwa mara baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kilichobaki ni mazoea na mkono wa mume, na hivyo viwili havikuhitaji hakimu. Ila kabla hajakabidhi, Delia anachomoa kidogo na kukificha. Anafanya hivyo wiki nenda, wiki rudi. Shika hapo kwenye fedha hizo za mafichoni, maana kama kuna kitu kimoja cha kukifuata kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho, ni hicho. Wakati huo anaziwekea lengo moja: gauni la harusi la Marcella.

Sheria isiyotajwa

Turudi kwenye pa kwenda. Sheria ya familia iliyokuwa ikitumika ilitoka kwenye Kanuni ya Kiraia ya mwaka 1942, iliyotungwa chini ya ufashisti. Kifungu cha 144 kilisema mume ndiye mkuu wa familia. Mke alichukua jina lake na alilazimika kuambatana naye popote ambapo mume ataona pafaa kuweka makazi. Mamlaka juu ya watoto yaliendeshwa na baba. Kwa hiyo siku Delia anafungasha na kutoka, yeye ndiye aliyevunja wajibu, na watoto wanabaki na Ivano.

Talaka haikuwapo. Kutengana kwa amri ya mahakama kuliwezekana, na ukatili ulikuwa miongoni mwa sababu zilizokubaliwa, lakini kesi inataka wakili, wakili anataka fedha, na mtu akishatengana bado ni mke wa yule yule hadi mmoja afe. Talaka ililetwa na sheria ya Desemba 1970. Waliotaka ifutwe waliipeleka kwenye kura ya maoni mwezi Mei 1974, na asilimia 59 ya wapiga kura wakakataa kuifuta.

Kuna njia ya pili, ambayo filamu inatutega nayo kwa makusudi. Nino, fundi magari, ni mpenzi wa Delia wa ujanani. Bado anampenda, na anaona haya kusema. Kuna mahali wanasimama wawili wakila chokoleti aliyopewa Delia na askari wa Kimarekani, wanatabasamu, kamera inawazunguka, meno yameingia weusi wa chokoleti. Ni mapenzi yaliyochelewa miaka ishirini, na yanachekesha na kuhuzunisha kwa mkupuo mmoja. Nino anahamia kaskazini kutafuta maisha na anamwomba Delia waende wote. Ukumbi mzima unamwombea Delia akubali.

Lakini Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 ilikuwa na kifungu cha 559: mke akizini, kifungo hadi mwaka mmoja. Mume kwa tendo lile lile hakuguswa, isipokuwa amemweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa au mahali pengine kwa namna inayojulikana na watu. Kifungu hicho kilidumu hadi Mahakama ya Katiba ilipokibatilisha mwaka 1968. Na kulikuwa na kibaya zaidi, cha 587. Mwanaume akimfumania mkewe, binti yake au dada yake, akaua kwa hasira ya heshima iliyochafuliwa, adhabu ilikuwa kifungo cha miaka 3 hadi 7. Kilifutwa mwaka 1981. Ukishajua hilo, ile safari ya kaskazini na Nino haionekani tena kama ukombozi uliokaa tayari kituo cha treni.

Na makofi yenyewe je? Hapa sheria na desturi zilikuwa zinashikana mikono. Iliaminika kwamba baba mwenye nyumba ana haki ya kumrudi mkewe kama anavyomrudi mtoto. Mwaka 1956 ndipo mahakama ya juu ya rufaa ilipotamka kwamba mume hana mamlaka ya namna hiyo. Miaka kumi kamili baada ya asubuhi ile ya Delia.

Filamu haimwambii mtazamaji lolote kati ya haya. Hakuna mwanasheria, hakuna hotuba. Kuna majirani tu wanaosikia kila kitu, na maneno wanayoyarudia kumtetea Ivano: ana hasira, jamani, amepigana vita viwili. Maneno hayo yanatolewa kwa mzaha, lakini yana ukweli wa kihistoria ndani yake. Wanaume wengi sana wa Italia walikuwa wametoka kwenye mahandaki, kwenye kushindwa, kwenye kambi za wafungwa. Aliyewahi kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, nchini Kenya, amepita pembeni mwa kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1942 na Waitalia waliokuwa wafungwa wa Waingereza. Waliobeba mawe yale nao walikuwa na wake, mama na mabinti waliokuwa wakiwasubiri nyumbani. Vita vinaeleza hasira ya mtu. Haviwezi kueleza kwa nini hasira hiyo haimpati tajiri wa kazini wala jirani wa kiume, inampata Delia tu.

Kipigo kinapochezwa

Tukio lililozua ubishi mwingi ni lile la kipigo kikubwa. Madirisha yanafungwa, watoto wanatolewa nje. Tunajua kinachokuja. Badala yake unaanza wimbo wa zamani wa mapenzi, na mume na mke wanacheza. Ivano anamvuta, anamzungusha, anamshika shingo. Michubuko inajitokeza kwenye ngozi ya Delia, kisha inayeyuka tunaiona. Wimbo unakwisha, nyumba inarudi kama ilivyokuwa.

Wapo waliosema kwamba hapo Cortellesi ameupamba ukatili, kwamba kipigo ni kipigo na kionyeshwe kama kilivyo. Siwadharau. Ila nadhani wamekosa kuona kazi mbili ambazo dansi hiyo inafanya. Ya kwanza, inamnyima mtazamaji ile raha chafu ya kutazama mwanamke akiumizwa, ambayo filamu nyingi za "kupinga ukatili" huuza bila haya. Ya pili ndiyo ya maana zaidi: dansi ina hatua zinazojulikana. Kila mmoja ndani ya nyumba hii anajua zamu yake, nani atoke, nani afunge dirisha, nani anyamaze. Watoto wanajua lini wasubiri nje. Ukatili wa nyumbani unaonyeshwa kuwa ni utaratibu, wala si mtu kupandwa na jazba ghafla. Michubuko inayofutika ndiyo yale yanayotokea asubuhi, mama anapotoka uwanjani akiwa nadhifu na majirani wanamsalimia.

Tena Cortellesi hakumwachia maskini peke yake lawama hii. Kwenye nyumba ya wenye fedha anakokwenda kuchoma sindano, mama mwenye nyumba anapotia neno kwenye mazungumzo ya wanaume naye ananyamazishwa. Vyombo ni vya fedha, mapazia ni mazito, amri ni ile ile. Mwenye nafuu ni Marisa, shoga wa Delia anayeuza sokoni, ambaye mumewe ni mpole. Nafurahi kwamba yumo. Bila yeye filamu ingesema kila mume ni Ivano, na hapo Ivano angepata udhuru mwingine.

Gauni la harusi

Mpaka hapa mtu anaweza kusema hii ni hadithi ya mume mbaya na mke mwema. Ingekuwa hivyo nisingehangaika kuiandikia. Jambo gumu limekaa kati ya mama na binti.

Marcella ni msichana mwerevu aliyeachishwa shule kwa sababu ni msichana. Ndugu zake wa kiume ndio wanaosoma. Anamdharau mama yake waziwazi. Anamwambia bora afe kuliko kuishia kama yeye. Sasa angalia mama anamjibu vipi kwa vitendo: anadunduliza fedha kwa siri, kwa hatari, ili binti huyo huyo aolewe. Mchumba, Giulio Moretti, anatoka familia yenye baa, familia ambayo watu wananong'ona ilitengeneza fedha kwa kuwahudumia Wajerumani walipokuwa wameishika Roma. Ni posa ya kupanda ngazi. Delia, anayejua ndoa ni nini kuliko mtu yeyote kwenye hadithi hii, anafanya kazi usiku na mchana kumnunulia binti yake tiketi ya kuingia mahali ambapo yeye mwenyewe ameshindwa kutoka.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaomwita Delia mtakatifu. Mateso hayakumfungua macho. Aliyavumilia na akawa anajiandaa kuyarithisha, kwa mapenzi yote, kwa sababu hakuwa na picha nyingine ya msichana kufanikiwa. Mama wengi wa sinema husifiwa kwa uvumilivu. Cortellesi, ambaye amesema hadithi hii ilitokana na masimulizi ya kizazi cha bibi zake, amethubutu kuuliza uvumilivu huo unamfikia nani.

Mabadiliko yanaletwa na rangi ya mdomo. Delia anawaona wachumba wawili wakiwa faraghani. Giulio anamwambia Marcella asijirembe, urembo ni wa kwake yeye tu, na wakishaoana hatafanya kazi tena. Kisha anamfuta rangi ya mdomo kwa mkono, kwa nguvu. Sauti yake bado ni ya upole. Delia hahitaji kusikia zaidi: amemwona Ivano wa miaka ile, kabla ya kofi la kwanza.

Anachofanya baada ya hapo ndicho kinachoniacha na mashaka. Kuna askari mweusi wa Kimarekani, William, ambaye Delia alimrudishia picha ya familia yake iliyokuwa imepotea. Hawaelewani lugha, lakini William ameiona michubuko na amejitolea kumsaidia. Delia anamwomba msaada, na usiku baa ya kina Moretti inalipuliwa. Mali imekwisha, familia inaondoka, uchumba umekufa. Ukumbi unashangilia. Mimi naona Delia ameamua maisha ya binti yake kwa siri, bila kumuuliza, kwa mlipuko. Ndivyo baba wa zama zile walivyoamua mambo ya mabinti, ukiondoa baruti. Marcella analia bila kujua aliyemvunjia ni mama yake, na filamu inapita hapo haraka mno, kana kwamba kicheko kimelipa deni. Ni mahali pake dhaifu kuliko pote.

Barua

Tangu mapema kuna barua. Imefika ikiwa na jina la Delia, jambo la ajabu kwa mwanamke ambaye hakuna anayemwandikia. Anaitupa, anaiokota, anaificha. Filamu inatuachia tuamini kwamba ni ya Nino, na kwamba siku ya Jumapili anapanga kutoroka. Jumapili inafika na Ottorino anafariki. Nyumba inajaa waombolezaji, hakuna namna ya kutoka. Delia anajifariji kwamba kesho bado ipo.

Kalenda ndiyo inayofumbua fumbo. Jumapili ile ni tarehe 2 Juni 1946, na Jumatatu ni tarehe 3. Hizo ni siku mbili ambazo Waitalia walichagua kati ya ufalme na jamhuri, na papo hapo wakachagua Bunge la Kutunga Katiba. Barua ni kadi ya mpiga kura. Wanawake walikuwa wamepewa haki ya kupiga kura kwa amri ya serikali ya mwanzoni mwa Februari 1945, wakati kaskazini ya nchi bado ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Baadhi yao walishaitumia kwenye chaguzi za miji mapema mwaka 1946. Kwa mamilioni yao, kura ya Juni ndiyo ilikuwa ya kwanza maishani.

Kwenye foleni kuna tukio dogo linalostahili kutazamwa kwa makini. Wanawake, ambao wengi wamejipamba kwa siku hiyo, wanafuta rangi ya mdomo. Kura za wakati ule zilifungwa kwa kulamba gundi yake kama bahasha. Alama ya rangi ingeifanya karatasi itambulike, na kura inayotambulika inaharibika. Magazeti ya siku zile yaliwatahadharisha kweli. Delia naye anafuta ya kwake. Tendo ni lile lile alilofanya Giulio kwa Marcella, ila mkono unaofuta safari hii ni wake mwenyewe, na anayenufaika ni yeye.

Kadi ilikuwa imesahaulika nyumbani, na Ivano yuko njiani anamsaka. Anayeikimbiza kadi mpaka kituoni ni Marcella. Huko nyumbani ameshakuta na zile fedha za mafichoni, pamoja na ujumbe: ni za kwenda shule. Kwangu filamu ilikamilika hapo. Ivano hajabadilika, nyumba ni ile ile, Nino ameondoka peke yake. Kilichobadilika ni matumizi ya fedha chache zilizoibwa kutoka kwenye ujira wake mwenyewe: badala ya gauni, vitabu. Mwisho wake Delia anatoka kituoni, Ivano anamngoja chini ya ngazi, na wanawake wanasimama kumkabili wakiimba wimbo kwa midomo iliyofungwa. Ivano anaondoka.

Wapo waliokasirishwa na mwisho huo. Wanasema kura haimzuii mtu kupigwa Jumatatu usiku, na wana haki. Hakuna kitu kwenye filamu kinachotuahidi kwamba hakupigwa. Lakini tazama kilichotokea kwenye karatasi zile. Wanawake karibu milioni 13 walipiga kura, asilimia 89 ya walioandikishwa, na kwa idadi waliwazidi wanaume. Jamhuri ilishinda kwa asilimia 54. Wanawake 21 waliingia kwenye bunge la wajumbe 556. Mmoja wao, Lina Merlin, alipigania maneno "bila kujali jinsia" yaingie kwenye kifungu cha 3 cha Katiba, na yakaingia. Kifungu cha 29 kikaweka usawa wa mume na mke. Katiba ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1948.

Halafu ikawa kusubiri. Kifungu cha 144, kile cha mume kuwa mkuu, kiliendelea kukaa kitabuni pembeni ya Katiba iliyokipinga, hadi sheria mpya ya familia ya Mei 1975 ilipokiondoa. Kama Marcella alikuwa na miaka 18 siku ile ya ngazi, alisikia habari hiyo akiwa na 47. Ndiyo maana nadhani Cortellesi hakudanganya alipompeleka mama huyu kituo cha kura na si kituo cha treni. Milango yote iliyofungwa ilikuwa imefungwa kwa maandishi, na maandishi hayabadilishwi na mtu mmoja aliyetoroka.

Filamu ilikuwa bado iko kumbini Novemba 2023 mwanafunzi wa chuo wa miaka 22 alipouawa na kijana aliyekuwa mpenzi wake, na maelfu kwa maelfu ya watu wakamiminika barabarani mjini Roma na kwingineko. Waitalia wengi waliokwenda kuitazama baada ya hapo hawakuitazama kama hadithi ya bibi zao.

Nami hapo ndipo ninapobaki na lawama yangu kwa filamu hii ninayoipenda. Wale wavulana wawili wadogo wanatukana, wanapigana, wanatolewa nje kipigo kinapokaribia, wanarudishwa kikiisha. Filamu inatumia matusi yao kutuchekesha na kuwapita. Delia ana akiba moja tu ya kurithisha, nayo ameipeleka kwa binti. Ukihesabu miaka, wavulana hao ndio waume wa Italia ya miaka ya 1960, wakati kifungu cha 587 kingali kinawapa nafuu. Ottorino alimfundisha Ivano. Hao wawili wamefundishwa na nani jambo lolote tofauti, filamu haisemi.